Mipini ya lakrosi kwa vipimo vya Kigoma: nani mrefu, nani mwepesi, nani bingwa?

Lakrosi huchezwa kwa fimbo yenye wavu kichwani: mpira unadakwa, unabebwa, unarushwa, na usipokuwa kipa mkono hauugusi. Kichwa cha fimbo ndicho hupigwa picha, lakini kazi yote iko kwenye mpini. Tumeipanga mipini hiyo kwa rekodi zake na kuipima kwa vitu ambavyo mtu wa Simbo, Kigoma, havimpi shida kuvijua. Mashindano yaanze.

1. Mrefu kuliko yote: sentimita 183

Fimbo ya beki wa kiume, kuanzia ncha ya kichwa hadi kitako cha mpini, inaruhusiwa kufika sentimita 183. Goli la lakrosi nalo lina upana wa sentimita 183 na kimo hichohicho. Ilaze fimbo hiyo mlangoni, itagusa nguzo hii na hii! Sheria nayo imeifunga breki: kila timu ya uwanja mkubwa huingiza fimbo ndefu nne tu, ukiacha ya kipa. Ukitaka kupima kina cha Ziwa Tanganyika, mita 1,470, kwa kuziunga fimbo hizi moja chini ya nyingine, andaa zaidi ya 800.

2. Mfupi kuliko yote: sentimita 90

Rekodi hii ni ya akina dada. Katika mchezo wa wanawake fimbo huanzia sentimita 90 na kuishia 110. Wanaume wanaoshambulia na viungo wao hubanwa kati ya sentimita 102 na 107. Sasa toa fimbo fupi ya mshambuliaji kwenye fimbo ndefu ya beki: zinabaki sentimita 81. Hiyo ni kuhe mzima, tena kuhe mkubwa wa kutangazwa mwaloni! Beki anamzidi mshambuliaji samaki mmoja wa kunyooshea mkono, na mshambuliaji anamlipa kwa wepesi wa kugeuka.

3. Mwepesi kuliko yote: sawa na mpira wenyewe

Mpira wa lakrosi ni wa raba ngumu, gramu 142 hadi 149. Mipini mifupi iliyo myepesi kabisa, yenye urefu wa sentimita 76 kabla ya kufungwa kichwa, inakaribia uzito huohuo. Siri yake ni uwazi wa ndani: mpini wa kisasa ni bomba lenye pembe nane.

Msimamo wa uzito, kwa kila sentimita moja ya ujazo, uko hivi: titani gramu 4.5, alumini 2.7, nyuzi za kaboni karibu 1.6. Titani inaongoza kwa uzito, lakini ni ngumu kiasi kwamba bomba lake hutengenezwa kwa ukuta mwembamba na bado likahimili kipigo. Na mpingo wetu je? Unapita gramu 1.2, mzito hadi unazama majini. Mpini wa mpingo usio na uwazi ungemchosha kiungo kabla ya mapumziko.

4. Mkongwe kuliko yote: mti wa hickory

Kabla ya mabomba, fimbo ilikuwa kipande kimoja cha mti mgumu wa hickory, uliokunjwa kichwa kwa mvuke. Wahaudenosaunee na mataifa mengine ya wenyeji wa Amerika Kaskazini walicheza nayo karne nyingi kabla ya wamisionari wa Kifaransa kuiandika katika karne ya 17. George Beers wa Montreal alichapisha sheria za mchezo mwaka 1867, miaka minne kabla ya Stanley kumkuta Livingstone pale Ujiji. Vichwa vya plastiki vilikuja kuanzia mwaka 1970, na mti ukaanza kupisha chuma.

5. Mwenye kasi kuliko wote: zaidi ya kilomita 180 kwa saa

Mipigo mikali iliyopimwa imevuka kilomita 180 kwa saa. Basi la abiria la Kigoma kwenda Dar es Salaam linaruhusiwa 80. Mpira unalipita basi mara mbili na ushei! Mpini hapa ni mkono wa ziada: kadiri ulivyo mrefu, ndivyo ncha yake inavyosafiri kwa kasi pale mchezaji anapozungusha mabega. Wapigaji wengi hupenda kaboni inayopinda kidogo na kurudi. Mabeki wanaogonga fimbo za wenzao huchagua alumini, kwa sababu alumini hubonyea, ilhali kaboni iliyozidiwa hupasuka.

6. Subira ndefu kuliko zote: miaka 120

Medali ya mwisho ya lakrosi kwenye Olimpiki ilitolewa London mwaka 1908, miaka mitano kabla meli tuliyoizoea kwa jina la MV Liemba haijaundwa. Kanada iliifunga Uingereza 14–10. Fimbo ya Mkanada Frank Dixon ilivunjika katikati ya mchezo, na mpinzani wake R. G. Martin akajitolea kukaa nje mpaka Dixon apate nyingine. Mchezo unarudi Los Angeles mwaka 2028.

7. Wa kwanza kuzisafirisha kutoka Afrika: Uganda

Mwaka 2014 Uganda ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kucheza Kombe la Dunia la lakrosi la wanaume, huko Denver, Marekani, kati ya timu 38. Kutoka Kampala hadi Denver ni zaidi ya kilomita 13,000 kwa mstari ulionyooka: reli ya Dar es Salaam hadi Kigoma mara kumi, na chenji inabaki.

8. Bingwa wa jumla: sentimita 102

Los Angeles watacheza lakrosi ya watu sita kwa sita, robo nne za dakika nane, kwenye uwanja wa mita 70 kwa 36. MV Liemba yenye mita 71 ingeujaza kutoka mwisho hadi mwisho. Na humo wachezaji wasio makipa hawaruhusiwi fimbo ndefu! Mwenye rekodi namba moja anabaki jukwaani.

Kwa kijana wa Simbo anayeanza leo, hesabu ni nyepesi. Achukue fimbo fupi, mpini wa alumini, kwa kuwa hiyo inatosha kushambulia, kukaba na kuingia uwanja wa sita. Anayetaka kuwa beki wa uwanja mkubwa aanze na sentimita 132, kima cha chini cha fimbo ndefu, na asikubali fimbo inayomzidi kimo. Alumini hukatwa kwa msumeno wa chuma, lakini kata kidogokidogo, maana kilichokatwa hakiungwi. Kitako lazima kizibwe kwa kifuniko cha raba, la sivyo mwamuzi ataitoa fimbo nje.

Mrefu ana sifa, mwepesi ana raha, mkongwe ana heshima. Kombe anabeba mfupi!