Jinsi chembe nyeupe zinavyopenya mishipa ya damu

Na Mwandishi Wetu, Ifakara

MKULIMA wa mpunga katika Bonde la Kilombero akijikata mguu kwa jembe, saa chache baadaye kidonda huvimba, huwa chekundu, hupata joto na kuuma. Hizo ni dalili kwamba kinga ya mwili imeingia kazini.

Askari wa kinga hiyo ni chembe nyeupe, ambazo husafiri ndani ya mishipa ya damu. Je, hutokaje humo ilhali jeraha liko nje?

Mwaka 1867, daktari wa Ujerumani, Julius Cohnheim, alimchunguza chura kwa hadubini na kueleza jinsi chembe hizo zinavyopenya kuta za mishipa midogo.

Kwanza, seli zilizo kwenye jeraha hutoa kemikali za kuomba msaada. Mishipa ya jirani hutanuka na kuta zake huotesha protini zinazonata. Chembe nyeupe zinazopita hunaswa kidogo na kuanza kubingirika taratibu. Kisha hushika protini nyingine, iitwayo ICAM-1, na kusimama kabisa. Mwisho, hujibana na kupenya ukutani hadi kwenye jeraha. Zikifa katika mapambano, mabaki yake huwa sehemu ya usaha.

Hata hivyo, protini hiyo ina upande wa pili unaowahusu wakazi wa bonde hili, ambako malaria imechunguzwa kwa miongo mingi na wataalamu wa taasisi ya utafiti iliyopo Ifakara.

Chembe nyekundu zilizoingiliwa na vimelea vya malaria kali nazo huweza kuishika ICAM-1. Tofauti ni kwamba hizo hazitoki. Hung'ang'ania ukuta na kuziba mishipa midogo. Zikiziba ya ubongo, mtoto huweza kupata degedege na kupoteza fahamu.

Mwaka 1997, watafiti waliripoti badiliko la kurithi la ICAM-1, wakaliita Kilifi, kwa jina la mji wa pwani ya Kenya, na kulihusisha na hatari ya malaria ya ubongo. Tafiti za Gambia na Gabon hazikupata matokeo kama hayo.

Wapo wazazi wanaoamini kuwa degedege huletwa na shetani katika umbo la ndege, hivyo huanza kwa mganga. Lakini wakati wao wakisubiri, mishipa huendelea kuzibwa. Mtoto mwenye homa na degedege apelekwe hospitali mara moja.