Kanzidata Huanzia kwenye Karatasi

Masika yakishika, magari ya watalii hupungua katika barabara ya kwenda lango la Lodoare, na waongoza watalii wengi wa Karatu hubaki mjini. Huo ndio wakati wa kusoma jioni bila kuacha kazi. Mimi ningependekeza kozi ya kanzidata kwa wanaoanza, kwa sharti moja: mwalimu asikimbilie kompyuta.

Fungua daftari la mapokezi la loji yoyote. Mgeni mmoja kutoka Ujerumani ameandikwa Müller mwezi Januari, Muller mwezi Julai, na kwenye stakabadhi ni Mueller. Dada wa mapokezi anajua ni yule yule; kompyuta inahesabu watu watatu. Meneja akiuliza wageni wangapi wamerudi, atapata jibu la uongo, tena kwa kasi ya ajabu. Ndiyo maana kila mgeni hupewa ufunguo, yaani namba yake peke yake isiyojirudia, ambayo haibadiliki hata jina likikosewa.

Wanyama tuliwafanyia hivyo zamani. Miaka ya 1960 mtafiti John Goddard aliwatambua faru weusi wa Kreta ya Ngorongoro mmoja mmoja, kwa pembe, masikio na alama nyingine za mwilini, akafikisha 108. Asingefanya hivyo, faru aliyeonekana asubuhi msitu wa Lerai na jioni kinamasi cha Gorigor angehesabiwa mara mbili.

Hatua ya pili ni kutenganisha. Mwaka 1970 Edgar Codd wa kampuni ya IBM alipendekeza taarifa zikae katika majedwali yanayohusiana: wageni kwao, safari kwao, malipo kwao, yote yakiunganishwa kwa zile namba. Mgeni akibadili simu, unarekebisha mahali pamoja tu.

Hapa ndipo wanafunzi hujikwaa, na mfano ninaoupenda ni vitunguu vya Mang'ola. Mtu anachora safu na kuiita "magunia", anajaza 40, anaridhika. Magunia gani? Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, na gunia la kawaida haviwezi kujumlishwa. Safu iwe ya kilo, la sivyo jumla ya mwisho wa msimu itawagombanisha dalali na mkulima. Jioni nzima ikiishia kwenye ubishi huo, si hasara.

Baada ya hapo amri za lugha ya SQL zinaingia kirahisi. Kumtafuta mwenye deni ni mstari mmoja:

SELECT namba_ya_mgeni FROM malipo WHERE amelipa = 'hapana';

Kwa mazoezi, SQLite inatosha. Ni programu ya bure iliyotolewa mwaka 2000, haihitaji intaneti, na kanzidata yake nzima hukaa kwenye faili moja. Kompyuta mpakato ya zamani inaimudu.

Kabla ya kulipa ada, uliza kama utaruhusiwa kufanyia kazi daftari lako mwenyewe. Wakikubali, usilipeleke kama lilivyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023, na namba za pasipoti za wageni si za kuzungushwa darasani. Weka majina ya kubuni, futa namba hizo. Makosa ya tahajia yahamishie kwenye majina mapya, maana hayo ndiyo utakayofanyia mazoezi.