Chozi wa Tabora Si Ndege Mvumaji

Muhula huu ulizuka ubishi darasani kwetu juu ya ndege mdogo mwenye kifua chekundu, aliyekuwa akinyonya maua nje ya dirisha. Wengine walishika kwamba ni ndege mvumaji, yule wa picha za vitabuni. Mwenzetu mmoja, ili kumaliza maneno, akampiga kwa manati. Basi tulimtazama mkononi, naye ameshakufa.

Ndege wavumaji hawapatikani Afrika. Makao yao ni bara la Amerika peke yake, tangu Alaska hata ncha ya kusini, na aina zao zapita 350. Walio wengi hukaa nchi za joto, hasa kandokando ya milima ya Andes. Yule mdogo kuliko wote, wa kisiwa cha Kuba, ana uzito wa gramu 2 hivi.

Huyu wetu aitwa chozi. Wamefanana kwa sababu kazi yao ni moja, kunyonya mbochi, yaani maji matamu ya ua, lakini si jamaa. Mtazame miguu. Mvumaji husimama hewani mbele ya ua, akipiga mabawa mara 50 au zaidi kwa sekunde, tena aweza kuruka kinyumenyume. Chozi hushika kijiti kwa nguvu, akainama, akaingiza mdomo wake uliopinda. Akikosa pa kushika huelea kidogo tu. Na ukiona jioni kitu chavuma mbele ya ua bila kutua kamwe, huyo si ndege hata kidogo, ni nondo mkubwa.

Dume la chozi kifua-chekundu ni jeusi la kahawia, na paji lake na koo hung'aa kijani juani. Jike ni la kahawia, lenye madoa chini, na wengi hudhani ni ndege mwingine. Yuko pia chozi mdogo zaidi mwenye tumbo la manjano.

Mahali pazuri pa kuwatafuta ni miembe mikongwe ya njia ya misafara, kama kuelekea Kwihara, alikokaa Livingstone mwaka 1872. Si maua ya mwembe yawavutayo sana, bali kirukia aotaye juu ya matawi yake. Ua la kirukia likibonyezwa na mdomo hupasuka, likampaka chozi unga wa ua usoni, naye huupeleka kwenye ua jingine. Mwenye mwembe humchukia kirukia, wala hakosei, kwani hunyonya mti. Porini miombo yakatwa kwa mkaa na kwa kukaushia tumbaku, na maua ya chozi hupungua pamoja nayo.

Siku mbili baadaye tuliona kiota karibu na bweni: mfuko mdogo wa majani uliofungwa kwa utando wa buibui, wenye mlango ubavuni. Jike alikuwa akiwalisha makinda wawili peke yake. Tulipofunga shule walikuwa bado kiotani.