Warsha ya spana, si ya makabrasha



Neno "warsha" tumelichosha. Kwa asili yake ni karakana, mahali ambapo watu hugonga, hukata na kufunga vitu. Siku hizi ukiambiwa kuna warsha unafikiria ukumbi wa hoteli, chai ya saa nne, kabrasha lenye nembo ya mfadhili, na karatasi ya kutia sahihi kabla ya posho. Mtu anahudhuria warsha ya uvuvi siku tatu na anarudi nyumbani hajagusa hata ndoana.

Leo nataka tuzungumze juu ya warsha ya aina ile ya kwanza. Mimi na wenzangu wachache tunaipanga kwa ajili ya watu wa Bukoba na Muleba wenye malori ya zamani. Ziko Bedford zile zenye pua, Isuzu za miaka mingi, Scania zilizounganishwa kiwandani Kibaha, na Leyland moja ambayo mwenyewe haiuzi wala haiendeshi, anaiosha tu kila Jumamosi.

Ulaya watu wa namna hii wana vyama vyao. Uingereza, tangu mwaka 1962, malori ya zamani hukusanyika London yakasafiri kwa msafara hadi Brighton, pwani ya kusini, na wenyewe huwapungia mikono watazamaji njiani. Hapa kwetu mpenzi wa lori la zamani hana nafasi ya kupunga mkono. Lori lake lilibeba kahawa ya baba yake, leo linabeba mchanga, mawe na ndizi, na Jumatatu lisipowaka, nyumbani watu wanatazamana. Analipenda, ndiyo, lakini analipenda kama mtu anavyompenda ng'ombe wa maziwa.

Wazo la warsha hii halikutoka kwangu. Lilitoka kwa mama mmoja wa Muleba aliyeachiwa Bedford na marehemu mumewe. Siku moja lori lilizimika njiani, likakataa kuwaka. Fundi akaitwa, akafungua boneti, akatikisa kichwa. "Mama, pampu ya dizeli imekufa." Mama akauza mbuzi wawili, akalipa. Lori likawaka siku hiyo hiyo. Wiki chache baadaye likazimika tena, na safari hii mzee mmoja aliyekuwa anapita njia akaliwasha kwa spana moja na dakika kumi. Hakuomba hata senti. Pampu ilikuwa ile ile ya zamani, haijawahi kutolewa mahali pake.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa nini? Hewa. Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche kama ya petroli. Pampu huyasukuma mafuta kwa nguvu sana hadi kwenye nozeli, nayo huyapuliza ndani ya silinda yakiwa kama ukungu. Mafuta hayashindiliki, kwa hiyo ukiyasukuma upande huu yanatoka upande wa pili. Hewa hushindilika. Ikiingia kwenye bomba, pampu inaisukuma, hewa inajikunja tu kama sponji, na nozeli haifunguki. Lori likikaushwa mafuta, au likiwa na bomba lenye ufa mdogo, huvuta hewa. Dawa yake ni kulegeza skrubu ndogo iliyo juu ya chujio, kupiga mkono wa pampu ndogo ya kuvutia mafuta mpaka mapovu yaishe na mafuta yatoke mazima, kisha kukaza skrubu na kufanya hivyo hivyo kwenye pampu kubwa, halafu kwenye nati za nozeli huku injini ikizungushwa. Basi. Mbuzi wawili walikwenda kwa jambo hilo.

Mama yule aliniambia hivi: "Mimi sitaki kuwa fundi. Nataka nijue nikidanganywa." Sentensi hiyo ndiyo imekuwa mpango wetu wote. Warsha yetu si ya kuzalisha mafundi, maana ufundi haupatikani kwa siku tatu. Vyuo vya ufundi vipo, na VETA ipo kwa sheria tangu 1994. Hii ni kwa mwenye lori, dereva wake na utingo wake, wajue kutofautisha kasoro ya dakika kumi na ile ya mbuzi wawili, na wajue mambo manne au matano yanayoua watu.

Nikaenda sasa kumtafuta mwalimu, na hapo ndipo nilipokwama.

Mafundi wanaoyajua malori haya kwa sauti tu ni wazee. Ujuzi wao una historia. Novemba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipolivunja daraja la Kyaka, malori ya raia yalichukuliwa kwa kazi ya vita. Vita vikaisha 1979, na miaka ya 1980 ikaja na uhaba wa fedha za kigeni. Spea hazikuonekana. Watu hawa walikata gasketi kwa maboksi, walitia kipande cha shaba palipotakiwa beringi, na gari likafika. Mengine waliyoyafanya nisingependa yarudiwe. Walikuwapo waliotia oili ya injini kwenye breki kwa kukosa mafuta ya breki. Oili hiyo huvimbisha mipira ya masta silinda, na breki hukatika siku isiyotarajiwa, tena kwa kawaida ni siku ya mteremko.

Nilimwendea mmoja wao, upande wa Kamachumu. Nikamsalimu kwa heshima zote, nikamwita tata, nikaeleza habari za warsha. Akasikiliza mpaka mwisho, akifuta mikono. Akasema, "Mwanangu, nikiwafundisha watu wako siku tatu, siku ya nne nani ataniita?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi Bukoba nimenyamaza njia nzima. Sisi tunaoandika na kutangaza tunapenda kulaumu wazee kwamba wanakufa na ujuzi wao, lakini hakuna anayemlaumu muuza duka kwa kutogawa sukari bure. Ujuzi wa mzee yule ndiyo pensheni yake, na nyingine hana.

Nilirudi kwake mara ya pili na daftari la hesabu. Nikamwonyesha fedha ambazo wenzetu hutumia kukodi ukumbi, makabrasha na chai. Nikasema hizo zote ziwe ujira wake na wa mwenzake mmoja. Akatoa masharti matatu. Wanafunzi awachague yeye kati ya watakaojiandikisha. Asiwepo mtu wa kupiga picha wakati watu wana kazi. Na kazi yoyote kubwa itakayogunduliwa wakati wa warsha, kama kubadili ringi za pistoni au kufungua giaboksi, isifanywe hapo. Mwenye lori ataileta kwake baadaye kwa malipo ya kawaida. Nilikubali yote. Sharti la tatu, nikilifikiria sasa, ndilo la akili kuliko mawazo yetu yote, kwa sababu mwenye lori aliyejua kasoro yake hutafuta fundi mwema badala ya kungoja aharibikiwe njiani.

Tulibishana juu ya tarehe. Bukoba hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na huwezi kufungua injini chini ya turubai linalovuja. Masika hapana. Juni na kuendelea kuna ukavu mzuri, lakini ni wakati wa kahawa, na mwenye lori hatakubali lori lake lilale juu ya magogo wakati wenzake wanabeba. Novemba mvua, na tena kuna senene. Nani atalala mapema aamke kushika spana? Ikabaki kati ya Januari na Februari. Wakati huo kazi ni chache na matope yamepungua.

Juu ya mahali hatukubishana. Lori bovu halisafiri kilometa zipatazo 70 kutoka Muleba kuja mjini ili kufundishiwa watu. Kwa hiyo siku mbili zitakuwa Muleba, yaliko malori yenyewe na vilima vya kujaribia breki, na siku ya mwisho Bukoba, kwenye maduka ya spea na kwa mtu mwenye mashine ya kukereza vyuma. Huko watu watajifunza kutofautisha beringi halisi na ya bandia kabla ya kulipa.

Tutachukua watu 12, si zaidi. Najua wapo watakaolalamika. Lakini injini moja huzungukwa na watu wanne; wa tano huona migongo tu. Makundi matatu, malori matatu. Mawili yawe yanatembea lakini yana malalamiko, moja liwe limekufa kabisa. Kila kundi litafunga lenyewe kile lilichokifungua. Nati zitachomekwa kwenye kadibodi iliyochorwa umbo la kifuniko chake, kila moja kwenye tundu lake, maana nimewahi kuona injini ikifungwa vizuri sana na kikombe kizima cha nati kikabaki.

Sasa vyombo. Malori ya Kiingereza ya zamani yalifungwa kwa nati za inchi, ya Kijapani kwa milimita. General Motors waliachana na malori ya Bedford kule Uingereza katika miaka ya 1980, na hapa kwetu Bedford nyingi zimekwisha kuwekewa injini za Isuzu. Matokeo yake lori moja lina lugha mbili: chesisi inchi, injini milimita. Chukua nati ya nusu inchi. Ni milimita 12.7. Spana namba 13 itaingia, lakini itacheza, na ukiikaza kwa nguvu inakula pembe za nati mpaka inakuwa mviringo. Baadaye unaambiwa "nati imekufa", inakatwa kwa patasi. Iliyouawa haikufa. Kwa hiyo tunatafuta seti mbili kamili za spana, na moja ya inchi tumeipata kwa mzee aliyekuwa ameifunga kwenye kanga yenye grisi.

Na kuna nati za magurudumu. Katika malori mengi ya Kiingereza ya zamani, za upande wa kushoto, upande anaokaa utingo, zimekatwa kinyume. Unazifungua kwa kuzungusha kama mshale wa saa. Mara nyingi zimeandikwa herufi L, lakini kutu huifuta. Mimi mwenyewe niliwahi kuning'inia juu ya bomba la futi nne nikikaza kile nilichodhani nafungua, mpaka bolti mbili zikakatika. Dereva alinitazama tu.

Hilo ni la kuchekesha. Linalofuata si la kuchekesha, na ndilo litakalofundishwa kwanza kabla mtu hajashika chochote.

Rimu za malori haya si kipande kimoja. Tairi hubanwa ukingoni na ringi ya chuma. Tairi likijazwa paundi 90 huku ringi haijakaa sawasawa, ringi huruka. Nilikuwa kijana nilipoona ikiruka katika gereji moja hapa mjini. Aliyekuwa akijaza upepo alikuwa na miaka 18 hivi. Sitaeleza zaidi, maana watoto wanasikiliza. Marekani ilitunga kanuni maalumu juu ya rimu hizi mwaka 1980. Hapa mtu bado anachuchumaa mbele ya tairi akiligonga nyundo huku upepo unaingia.

Kwenye warsha yetu upepo utatolewa wote, na valvu ya ndani itatolewa, kabla nati yoyote ya gurudumu haijalegezwa. Kujaza kutafanyika ndani ya kizimba cha chuma, kwa mpira mrefu, mjazaji akiwa amesimama pembeni. Kizimba hicho kitachomelewa Muleba kwa fedha ambayo ingekwenda kwenye makabrasha, na kitabaki huko kwa yeyote mwenye pancha.

Mengine nayataja kwa haraka. Hakuna kuingia chini ya lori lililoshikwa na jeki peke yake. Tumeagiza magogo manane ya mkaratusi. Hakuna kupuliza vumbi la breki kwa kompresa, kwa kuwa liningi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu polepole kwa miaka. Litafutwa kwa kitambaa kibichi. Hakuna kuweka kiganja mbele ya nozeli inayopuliza, kwani mafuta hayo hupenya ngozi kama sindano, na tundu dogo usilolijali linaweza kukupoteza mkono. Na rubisi hakuna mpaka saa kumi na moja jioni. Hili la mwisho ndilo lililopingwa zaidi.

Chakula ni ndizi na samaki, kila mtu atachangia. Posho hakuna. Watu wawili waliojiandikisha walipoambiwa hivyo walifuta majina yao, na nafasi zao zimekwisha kujazwa na matingo wawili wa Kemondo.

Mzee wa Kamachumu amekwisha kupitia orodha. Alilikata jina moja, la mtoto wa ndugu yake, akisema kijana yule husema zaidi ya anavyosikia. Jina la mama wa Muleba aliliwekea alama wa kwanza. Mama mwenyewe alinipigia simu juzi kuuliza aje na lori au aje na daftari la matumizi ya lori. Nimemwambia aje navyo vyote viwili.