Mwalimu wa Tenke na lugha zake nne

Tenke, katika mkoa wa Lualaba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni njia panda ya reli. Njia inayotoka Likasi inagawanyika hapa: mkono mmoja unaelekea kaskazini, Bukama na Kamina, mwingine unashika magharibi kupitia Kolwezi hadi Dilolo, mpakani mwa Angola. Mkono wa magharibi ulikamilika mwaka 1931. Reli na migodi ziliwaleta watu wa Kasai, Waluba, Walunda na Wachokwe juu ya ardhi ya Wasanga, na wengi hawakurudi kwao. Ndiyo maana mwalimu wa darasa la kwanza hapa hapokei watoto wa lugha moja. Mmoja amelelewa na nyanya yake kwa Kisanga, mwingine anaitwa na mama yake kwa Ciluba. Uwanjani wote wanapigizana kelele kwa Kiswahili. Kitabu kilicho mezani ni cha Kifaransa, na mzazi mlangoni anauliza Kiingereza kitaanza lini, au kama kuna mahali mtoto anaweza kufundishwa Kichina.

Swali la mzazi huyo lina sababu zake. Mgodi wa Tenke-Fungurume ulipoanza kutoa shaba mwaka 2009 mwenye hisa nyingi alikuwa Freeport-McMoRan ya Marekani, na kijana aliyetaka kazi ya ofisi alihangaikia Kiingereza. Mwaka 2016 hisa hizo zilinunuliwa na China Molybdenum, ambayo sasa inaitwa CMOC. Kabla mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 2009 hajamaliza shule ya msingi, lugha ya matumaini ilikuwa imebadilika. Shule haina uwezo wa kukimbizana na soko la hisa, wala haipaswi kufanya hivyo. Lakini mwalimu ndiye anayeulizwa.

Kwenye karatasi mambo yamepangwa vizuri. Katiba ya mwaka 2006 inakifanya Kifaransa kuwa lugha rasmi na inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Ciluba. Sheria ya elimu namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 inaruhusu lugha za taifa na lugha za mazingira ya mtoto kuwa lugha za kufundishia na pia somo la kujitegemea. Mtoto wa Lualaba basi aanze kusoma kwa Kiswahili, kisha aingizwe katika Kifaransa hatua kwa hatua. Ugumu unakuja mwisho wa darasa la sita, kwa kuwa mtihani wa taifa hufanywa kwa Kifaransa. Wazazi wanaujua mtihani huo vizuri kuliko wanavyoijua sheria, na mwalimu anayetumia muda mrefu kwa Kiswahili huonekana kama anayewachelewesha watoto.

Tena Kiswahili chenyewe ni kipi? Mtoto wa Tenke husema "batoto beko ku masomo" pale ambapo kitabu kimeandika "watoto wako shuleni". Husema "mu nyumba" badala ya "nyumbani", na "anasemaka" kwa jambo ambalo mtu hulisema mara kwa mara. Haya si makosa ya uvivu. Wanaisimu wamekieleza Kiswahili cha Katanga, eneo pana ambamo Tenke imo, kama lugha yenye kanuni zake. Edgar Polomé alichapisha uchambuzi wa Kiswahili cha Lubumbashi mwaka 1968, na tangu hapo imefahamika kwamba viambishi ba-, mu- na ku- vinafuata utaratibu unaofanana na wa lugha za Kibantu zinazozungumzwa jirani. Mwalimu asiyefundishwa jambo hili huishia kusahihisha kinywa cha mtoto siku nzima. Mwalimu anayelijua ana mtaji mkononi.

Mtaji huo unaonekana vizuri zaidi katika somo la Kifaransa. Walimu wengi wamefunzwa kusisitiza herufi s ya wingi: "livre", "livres". Herufi hiyo huandikwa lakini haitamkwi. Sikio la mtoto halisikii tofauti yoyote mwishoni mwa neno. Tofauti inasikika mwanzoni: "le livre", "les livres". Na mwanzoni ndipo mtoto wa Kiswahili alipozoea kuutafuta wingi tangu aanze kusema, kwa kuwa kwake ni "mutoto" na "batoto". Akionyeshwa kwamba "les" inafanya kazi inayofanana na ya ba-, anashika jambo ambalo mtoto mwingine huchukua majuma kulielewa, na s ya maandishi inamfuata baadaye bila vita. Kinachomsumbua kweli ni kingine: jinsia. Kiswahili hakimtenganishi mwanamume na mwanamke katika kitenzi. "Anakuja" ni yeye yeyote. Kwa hiyo "il" na "elle" zinachanganywa hata na wanafunzi wa sekondari, na "son" na "sa" vilevile. Hapo mwalimu anahitaji mazoezi mengi na subira, si adhabu.

Kitabu cha Kifaransa kilichopangwa kwa ajili ya nchi nzima hakiwezi kueleza hayo, maana mtoto wa Mbandaka anakuja na Kilingala na wa Mbuji-Mayi anakuja na Ciluba. Maarifa ya namna hii hupatikana pale walimu wa eneo moja wanapokaa pamoja, wakaweka madaftari ya wanafunzi mezani na kulinganisha makosa. Kwa hiyo msaada wa kwanza anaouhitaji mwalimu wa lugha ni walimu wenzake.

Katanga ina historia ndefu ya kufundisha lugha, na sehemu kubwa ya historia hiyo haikumlenga mtoto. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na katika miaka ya mwanzo wafanyakazi wengi walitoka upande wa Rhodesia. Wabelgiji waliogopa kwamba Kiingereza kingeingia pamoja nao, na Kiswahili kikapata nafasi migodini. Mwaka 1928 John Whitehead na L. F. Whitehead walichapisha mwongozo wa Kingwana, yaani Kiswahili cha Kongo. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Kolwezi katika miaka ya 1960 na baadaye akafundisha Lubumbashi, aliandika mwaka 1986 kitabu kizima kuhusu jinsi utawala wa kikoloni ulivyokitwaa Kiswahili. Katika miongozo mingi ya wakati huo unakuta lugha ya mkubwa anayempa mfanyakazi amri: leta, beba, fanya upesi. Aliyejifunza kwa vitabu hivyo aliweza kuagiza, lakini hakuweza kuzungumza na mtu.

Baada ya uhuru pendulo iliyumba. Mwaka 1962 Kifaransa kilifanywa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Kisha Lubumbashi ikawa kitovu cha fikra mpya. Kituo cha isimu CELTA kilianzishwa huko mwaka 1971, na mwezi Mei 1974 wanaisimu wa Zaire nzima, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, walikutana katika mji huo kwa semina yao ya kwanza ya kitaifa. Walijadili tahajia za lugha za nchi na nafasi ya lugha hizo shuleni. Wale walikuwa wataalamu wa chuo kikuu, na mapendekezo yao yalikuwa mazuri. Kilichokosekana ni daraja kati ya ukumbi ule na mwalimu aliye peke yake kando ya reli na ubao wake.

Daraja hilo limejengwa mara kadhaa tangu hapo, kila mara kwa jina jipya. Mpango wa IFADEM, uliobuniwa na nchi zinazotumia Kifaransa kwa ajili ya kuwafunza walimu wa msingi bila kuwaondoa darasani, ulipoingia Kongo ulianzia Katanga. Mwalimu alipewa vijitabu vya kujisomea, alikuwa na mkufunzi wa karibu, na baada ya muda alikutana na wenzake kujadili walichojaribu. Mpango wa ELAN, nao wa nchi hizohizo, ulishughulikia kuanza na lugha za taifa. Kuanzia mwaka 2015 ACCELERE!, uliofadhiliwa na Marekani na Uingereza, ulileta vitabu vya kusomea vya Kiswahili, Kilingala na Ciluba. Kila mpango uliacha kitu. Lakini pia kila mpango ulikuwa na tarehe ya kumalizika, na Julai 2025 Marekani ililifunga kabisa shirika lake la misaada la USAID.

Kinachobaki wafadhili wanapoondoka ni vikao vya walimu wenyewe. Ndani ya shule moja walimu huviita "cellule de base": mwenzao anafundisha somo, wengine wanatazama, kisha wanajadiliana. Shule zilizo karibu huunganishwa katika mtandao wa ujirani, REP, ambapo walimu wa shule tofauti hubadilishana mbinu na zana. Muundo huu tayari upo katika mfumo wa elimu ya Kongo. Kinachousumbua ni umaskini: nauli ya pikipiki, karatasi, chakula cha mchana, muda. Elimu ya msingi ilipofanywa bure kwa vitendo mwaka 2019, madarasa yalifurika, na jambo hilo lilikuwa haki ya watoto. Lakini michango ya wazazi iliyokuwa ikiziba pengo la mshahara iliondolewa, na walimu ambao hawajaingizwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali walibaki wanafundisha mikono mitupu. Mtu wa namna hiyo kumwambia atembee hadi shule ya jirani Jumamosi kwa hiari ni kumwonea.

Kwingineko duniani walimu wa lugha wamejipanga kwa namna inayofaa kutazamwa. Marekani kuna chama cha walimu wa lugha za Kiafrika, ALTA, kilichoanzishwa mwaka 1988, na baadaye kikaja CHAUKIDU, chama cha ukuzaji wa Kiswahili duniani, kinachowakutanisha walimu na watafiti katika makongamano. Afrika Mashariki ina BAKITA, baraza la Kiswahili la Tanzania, tangu mwaka 1967, na Kamisheni ya Kiswahili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye makao Zanzibar. Kongo iliingia katika Jumuiya hiyo mwaka 2022, kwa hiyo milango hiyo sasa iko wazi kwa mwalimu wa Lualaba pia. Aipitie akiwa mwenye kitu cha kutoa. Kiswahili sanifu kitamsaidia mwanafunzi wake kusoma na kufanya kazi hadi Dar es Salaam, na lazima afundishwe. Ila kikija kama fimbo ya kumwaibisha mtoto kwa "batoto" wake, tutakuwa tumerudia yale ya mwaka 1962 kwa lugha nyingine.

Fedha za kazi hii hazihitaji kutafutwa mbali. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazilazimu kampuni za madini kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka migodi. Mara nyingi fedha za aina hiyo hugeuka majengo, kwa sababu jengo hupigwa picha na kuzinduliwa. Majengo ya shule yanahitajika, hakuna anayebisha. Lakini sehemu ndogo tu ya mfuko wa mgodi mkubwa kama wa Tenke-Fungurume ingeweza kulipa nauli za vikao vya mtandao wa shule kwa mwaka mzima, kuchapisha daftari la mazoezi linalolinganisha Kifaransa na Kiswahili cha hapa, na kumleta mwanaisimu kutoka Lubumbashi mara moja kwa muhula. Wawakilishi wa jamii wanaoketi katika kamati za mifuko hiyo wana haki ya kupendekeza matumizi. Katika kikao kijacho cha bajeti waliweke jambo hili mezani, na wamwalike mwalimu wa darasa la kwanza aje kulieleza mwenyewe.