Kabla ya kuuza gunia, tukumbuke wazee



Hapa Ruashi tunamuona tata anataka kusimama kwenye kiti, magoti hayataki, mpaka ajisukume na mikono. Tunasema: « Ni uzee tu. » Ni kweli, lakini si kweli yote. Kuanzia miaka 30 hivi, misuli ya mtu inapungua polepole. Kisha miaka 60 inapungua mbio zaidi. Mzee anaanguka, anavunjika, jembe linamshinda.

Misuli inajengwa na protini. Mwili wa mzee haiitumii vizuri kama ule wa kijana, kwa hiyo anahitaji zaidi, si kidogo. Wataalamu wanashauri gramu 1 mpaka 1,2 kwa kila kilo ya uzito wake, kila siku. Mama wa kilo 60 atafute gramu 60 mpaka 72.

Sasa tuangalie sahani yake. Bukari ya muhogo inashibisha, lakini gramu 100 za unga wake hazifikishi gramu 3 za protini. Gramu 100 za maharagi makavu zina 21 hivi, karanga 25, soya 36. Yai moja lina 6. Ndagala wakavu wanapita maharagi mbali.

Maharagi, karanga na soya tunalima wenyewe! Shida ni kwamba gunia lote linaenda sokoni, na nyumbani mzee anawaachia wajukuu mboga.

Tufanye hivi:

– Kabla ya kuuza, tuweke pembeni sehemu ya mzee. Gramu 100 za maharagi kwa siku ni kilo 3 kwa mwezi.

– Protini isingoje jioni tu. Asubuhi uji wa mahindi na soya iliyokaangwa vizuri. Mchana matamba na karanga. Jioni maharagi na bukari.

– Kama meno yameisha, tuponde maharagi, tutwange karanga.

– Chakula peke yake hakitoshi. Mzee atembee, asimame na kukaa kwenye kiti mara 10, asubuhi na jioni, mtu akiwa karibu.

– Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza muganga.

Kila mwaka tunaweka akiba ya mbegu, hata njaa ikibisha hodi. Mwaka huu tuweke na ya wazee.