Manili ya "5T": namna ya kuchagua vyombo vya kuvuta gari mu matope

Mwezi wa ine, saa tisa ya muchana, gari letu lilizama mu matope kilometa mbili tu mbele ya stasio ya kuosha kahawa. Nyuma yetu kulikuwa kamio ya kooperative, imejaa mifuko ya kahawa yenye wakulima walivuna asubuhi ile ile. Wenye kulima kahawa wanajua: matunda mekundu hayangojei mutu. Yakilala mu mufuko yanachachuka, na kahawa yenye ingeuzwa kwa bei ya kwanza inakuwa kahawa ya kawaida tu. Na hapa Kivu mavuno yanaangukia mu mvua ya mwezi wa tatu mpaka wa tano. Huwezi kusema tungojee barabara ikauke.

Shofere wa kamio alitoa kabuli yake. Tuliifunga ku gari letu kwa manili, ile pete ya chuma ya umbo la U yenye kufungwa na bulo. Tulikuwa tumeinunua sokoni sisi wenyewe. Haikuwa na alama ingine ila "5T", na hata hiyo ilikuwa imeandikwa kwa rangi. Kamio ilirudi nyuma, ikavuta mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu manili ilipasuka. Kipande kimoja kiliingia kwa kioo cha nyuma cha gari, kikatokea kwa kioo cha mbele. Kijana mumoja kati ya wale wa kusukuma alikuwa ameinama kutafuta kiatu chake mu matope. Ndiyo sababu leo angali muzima. Alitoka na damu kidogo ku sikio, juu ya vipande vya kioo.

Wakati watu walipotulia, swali la kwanza lilikuwa: "Ile manili ilikuwa ya wapi?" Mutu akajibu: "Ya China." Wote wakatikisa kichwa, kama vile kesi imekwisha. Sisi pia tulitikisa kichwa. Ni baadaye tu, wakati wa kutafuta vyombo vingine vya kununua, tuliona kwamba swali lile peke yake halitoshi.

Soma kwanza kile chenye kuandikwa

Manili nzuri haiandikwe kwa rangi. Alama zake zimepigwa ndani ya chuma yenyewe: jina au alama ya kiwanda, uzito wenye inaruhusiwa kuvuta, na namba yenye inaonyesha ilitoka mu fungu gani la kazi, ili ikipasuka kiwanda kiweze kujua kosa lilianzia wapi. Kwa vyombo vya Kifaransa utaona herufi CMU. Kwa vingine utaona WLL. Maana ni moja: ni uzito wenye chombo kinaweza kuvumilia katika kazi ya kawaida. Siyo uzito wa kukikata. Manili ya Ulaya yenye kufuata kanuni EN 13889 inapaswa kuvumilia mara tano ya ule uzito mbele ya kupasuka. Zile za Marekani mara nyingi ni mara sita. Kwa hiyo manili ya milimita 19, yenye kuandikwa tani 4.75, ni chombo cha nguvu sana, hata kama kwa macho inaonekana ndogo kuliko ile ya soko yenye kuandikwa "5T".

Hapa ndipo wauzaji wanatuchanganya, na pengine wao pia wamechanganyikiwa. Kuna mukanda wenye kuuzwa kama wa "tani 8", na mwingine wenye kuuzwa kama wa "tani 3". Uchukue gani? Wengi watachukua wa 8. Lakini mara nyingi ule wa 8 umetajwa kwa nguvu ya kukatika: ukifika tani 8, umekwisha. Wa 3, kama ni mukanda wa kweli wa kunyanyua wenye kufuata kanuni ya Ulaya EN 1492, umetajwa kwa uzito wa kazi, na unapaswa kuvumilia mara saba yake: tani 21. Kwa hiyo muulize muuzaji: hii namba ni ya kazi ao ni ya kukatika? Kama hajui, basi chukua kana kwamba ni ya kukatika.

Ile kanuni EN 1492 iko na musaada mwingine. Rangi ya mukanda inasema uzito: zambarau ni tani 1, kijani tani 2, manjano tani 3, kijivu tani 4, nyekundu tani 5. Na kuna kitambaa kidogo chenye kushonwa pembeni, chenye wengi wanakata juu kinawasumbua. Musikikate! Kikiwa cha bluu, mukanda ni wa polyester. Kikiwa cha kijani, ni wa nailoni. Tofauti ni kubwa. Polyester hainyooke sana. Ni ya kuvuta polepole, ya kuzungusha ku muti, ya kuunganisha kabuli. Mukanda wa nailoni wenye kufumwa kwa kazi ya kuvuta gari unanyooka kama moja juu ya tano ya urefu wake, kisha unarudi. Ule ndio wa kuvuta kwa kushtua, gari moja likikimbia kidogo kuvuta lingine. Ukishtua kwa polyester, ao kwa kabuli ya chuma, kama vile sisi tulifanya siku ile, nguvu yote inaanguka mara moja ku manili na ku shasi. Na ukilowanisha nailoni inapoteza sehemu ya nguvu yake, kwa hiyo mu mvua usifike ku mupaka.

Mikanda yenye mashofere wanafungia muzigo, ile ya kukaza na mukono wa chuma, siyo ya kuvuta gari hata kidogo. Kitambaa chake kinaandikwa LC na daN. daN moja ni karibu kilo moja. Tumeona ikitumiwa hivyo mara mingi, na bahati siyo kanuni.

Sasa: ya wapi?

Turudi ku lile swali. Jibu siyo rahisi, sababu viwanda vyenyewe vinatembea. Kampuni ya Warn ya Oregon, Marekani, yenye kujulikana kwa treyi za umeme zenye kufungwa mbele ya gari, inatengeneza zingine kwao, na zile za bei ya chini za aina ya VR zinatengenezwa China. Jina moja ku sanduku, nchi mbili. ARB ilianza Melbourne, Australia, katika mwaka wa 1975, lakini iko na kiwanda Thailand pia. Manili za Green Pin ni za kampuni Van Beest ya Sliedrecht, Uholanzi, yenye iko tangu 1922, na unazitambua kwa bulo yenye kupakwa kijani. Ni nzuri. Lakini rangi ya kijani inauzwa ku kila kenkayeri, na mutu yeyote mwenye burashi anaweza kutengeneza "Uholanzi" nyuma ya nyumba yake. Kwa hiyo tunarudi ku alama zenye kupigwa ndani ya chuma.

Kuna manili za China zenye kuandikwa vizuri, zenye kuja na karatasi ya majaribio. Kuna zingine kama ile yetu, zenye hakuna mutu anaweza kukuambia zilitoka wapi. Ile ya soko ilikuwa ya China? Kusema kweli hatukuwa na njia yoyote ya kujua, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Na kosa letu: tulinunua chuma yenye haina jina.

Bamba za plastiki za kuweka chini ya pine, kama MAXTRAX ya Australia, ni nzuri, nyepesi, na bei yake inauma. Kwa gari la kooperative tunaona mbao mbili nene zinatosha, ao zile bamba za chuma zenye matundu zenye zilianza Marekani wakati wa vita ya pili ya dunia kwa kutengeneza viwanja vya ndege. Mutu akiwa nazo, asiziuze kama chuma kikuukuu.

Mashini ya mukono

Kama kooperative iko na feza ya kununua kitu kimoja kikubwa, sisi tungenunua mashini ya kuvuta ya mukono yenye kabuli, ya aina ya Tirfor. Ni ya kampuni ya Kifaransa Tractel, na jina lake limeenea mpaka watu wanaita Tirfor kila mashini ya namna ile, hata kama ni ya kampuni ingine. Tunaipenda kuliko treyi ya umeme sababu haiombe batri, haiombe motere inayofanya kazi, na haifungwe ku gari moja. Leo inavuta jipu, kesho kamio, kesho kutwa inanyanyua mashini ya kusaga unga. Iko ya kilo 800, ya 1600 na ya 3200. Ile ya 1600 iko na uzito wa karibu kilo 18, na mutu mumoja anaibeba ku bega. Ya 3200 ni karibu kilo 27.

Lakini hapa tuseme jambo lenye tumeona kwa macho, mara mbili, mu kooperative mbili mbalimbali. Ku mukono wa kusukumia kuna pini ndogo za chuma laini. Muzigo ukipita kiasi, pini zinakatika zenyewe, na mashini inakataa kuvuta. Mashofere wanakasirika: "Mashini mubovu!" Wanapiga musumari mahali pa pini. Kwanzia pale mashini haikatae tena. Itavuta mpaka kitu kingine kikatike, na kile kitu kingine ni kabuli. Pini iliwekwa ikatike ili mutu asikatike. Mashini mupya inakuja na pini za akiba. Agizeni zingine siku ile ile ya kununua, na muzitunze mu kopo lenye kifuniko.

Kabuli pia inapaswa kuwa ya mashini yenyewe, ya unene wenye uliandikwa. Kabuli ingine, hata ikiwa mupya na nzuri, inaweza kuteleza ndani ya meno. Kisha kazi, osheni matope kwa petroli ya taa na mutie mafuta mazito ya sanduku la vitesi, siyo grisi yenye grafiti, sababu grafiti inafanya meno yateleze. Mushike kabuli na ngozi mukononi. Uzi mumoja wenye kukatika unapasua kiganja.

Mashini ya kilo 1600 itatosha kwa kamio? Hapana, siyo peke yake. Waaskari wa Marekani wako na kipimo chenye kinatusaidia: gari likizama mpaka mu magurudumu, hesabu nguvu sawa na uzito wake wote pamoja na muzigo, likizama mpaka ku bawa la juu ya pine, hesabu mara mbili. Kamio ndogo yenye muzigo, tuseme tani 7, ikizama mpaka kule inaomba tani 14. Hata mashini ya 3200 pamoja na puli, yenye inaongeza nguvu karibu mara mbili, haifike pale. Kwa hiyo chombo cha kwanza ni beleshi, na cha pili ni mabega ya watu: shusheni mifuko, chimbeni mbele ya kila pine, toeni matope chini ya diferansieli. Kisha vuteni. Tunajua hakuna mutu anapenda kushusha mifuko 60 mu mvua.

Muti wa kufungia ukuwe muzima, mikaratusi kwa mufano, na mukanda ufungwe chini karibu na mizizi. Mugomba siyo muti, tafazali. Kusipokuwa muti, chimbeni shimo refu, muzike pine ya akiba, kabuli ifungwe katikati yake. Ku gari, fungeni ku ndoano ya shasi. Musifunge kamwe ku ile tufe ya kuvutia trela. Katika inchi zingine imekatika na kuua watu wenye walikuwa ndani ya gari la nyuma. Musifunge ku parshoki. Wekeni koti nzito ao mufuko wa mutanga katikati ya kabuli, na kila mutu asiye na kazi asimame mbali, kupita urefu wa kabuli na nusu yake. Watoto kwanza.

Kwa kooperative yenye iko na pick-up moja na kamio ndogo moja, hii ndiyo tungeweka mu sanduku kwa feza kidogo: mabeleshi mawili, mbao mbili, mikanda miwili ya polyester ya tani 3 ya kuzungusha ku muti, manili ine za tani 4.75 zenye alama ndani ya chuma, puli moja ya kabuli, na kama feza inabaki, mashini ya mukono. Kriki kubwa ya aina ya Hi-Lift, yenye inatoka Bloomfield, Indiana, ni nzuri, lakini mukono wake ukiruka unavunja taya. Tungeacha mpaka shofere afundishwe.

Kooperative ya stasio ile ya kahawa iliketi mukutano mwezi wenye ulifuata. Jeran alitaka treyi ya umeme, juu aliiona ku gari la shirika moja, na inapendeza. Mama mumoja wa komite aliuliza: batri ikikufa mu Kalehe saa mbili ya usiku, nani atavuta treyi? Wakanunua manili ine na mikanda. Feza ya mashini ya mukono wanaikusanya bado, faranga kidogo ku kila kilo ya kahawa. Na manili yenye kupasuka, nusu yenye tulipata, wameifunga ku ukuta wa ofisi, karibu na kalenda. "5T" bado inasomeka.